Lodi wa Skelbeck

Glenys Ormerod alikuwa na mwiko wake wa siasa. Nasema mwiko hasa, wa mbao, wa kukorogea supu. Kila msimu wa uchaguzi aliutoa kwenye droo ya jikoni, akautia mfukoni mwa koti, akaenda kugawa vipeperushi vya chama. Milango ya Skelbeck ina tundu la kupitishia barua, nyuma ya tundu kuna mbwa, na mbwa wa Skelbeck hawabagui chama. Kwa hiyo kipeperushi unakisukuma kwa mwiko, vidole vyako vinabaki vyako. Crispin Tarrant alipotumwa kutoka kusini kuja kugombea ubunge, kijana wa viatu laini asiyejua hata njia ya kupanda mlimani, ni Glenys aliyemfundisha ujanja huo. Crispin akacheka mpaka akashika mbavu, akamwita "mama yangu wa chama" mbele za watu. Glenys, mjane asiye na mtoto, neno hilo likamwingia. Likakaa.

Nyumbani aliishi na mdogo wake, Alwyn. Huyu alikuwa mpeleka barua maisha yake yote, mpaka kiharusi kilipomchukua upande mmoja wa mwili na karibu maneno yote. Angeweza kukaa kutwa nzima asitamke kitu. Lakini pale mtaa wa Kirkgate kulikuwa na kituo cha wazee cha halmashauri, na kituoni kulikuwa na piano na mama mmoja wa kuipiga, na huko, amini usiamini, Alwyn aliimba. Mtu asiyeweza kuomba chumvi mezani alikuwa akimaliza ubeti mzima! Basi dogo lilimfuata mlangoni asubuhi, likamrudisha alasiri, na akirudi alikuwa na maneno mawili matatu ya kumpa dada yake. Maneno hayo ndiyo yaliyokuwa chakula cha Glenys.

Halmashauri ikatangaza kwamba kituo kitafungwa. Pesa hakuna, serikali kuu imebana, wananchi wavumilie. Wimbo ule ule. Uchaguzi ulikuwa mlangoni, basi Glenys akamwendea Crispin kwenye klabu ya chama, akamshika mkono.

"Crispin, mwanangu, miaka yote hii sijakuomba kitu. Hiki kituo wasikifunge. Alwyn atanifia kimya kimya pale kwenye kiti."

Crispin akaufunika mkono wake kwa mikono yake yote miwili. "Niachie mimi, mama."

Jamani! Kwetu huku Uingereza mtoto wa darasa la kwanza anajua maana ya "niachie mimi". Fundi wa bomba akikwambia hivyo, unatafuta fundi mwingine. Karani akikwambia hivyo, faili lako umelizika. Ndivyo watu wenye adabu wanavyosema "niondokee, nimechoka nawe", na unaondoka ukishukuru. Glenys mwenyewe alikuwa fundi wa kuwacheka wanaodanganyika na neno hilo. Ila siku ile lilitoka kwenye kinywa kilichomwita mama, akalichukua kama kiapo.

Na hakulichukua kwa siri. Alilitembeza mlango kwa mlango, na mwiko wake mfukoni. Wa kwanza kumwambia alikuwa Freda Hargreaves, jirani wa ukuta mmoja, ambaye mumewe naye alikuwa akienda Kirkgate. Freda alikuwa ameacha kupiga kura zamani sana.

"Umekuja tena na makaratasi yako?" Freda alimpokea. "Weka hapo, nitafungia maganda ya viazi."

"Freda, kituo hakifungwi. Kaniambia mwenyewe."

"Mwenyewe nani? Yule wa viatu vya kulalia? Shoga, wote walewale. Wakitaka kura wanakujua mpaka jina la paka wako."

"Basi usimwamini yeye. Niamini mimi. Nakupa neno langu, Freda, langu mimi Glenys."

Freda akakipokea kipeperushi. "Haya. Kwa ajili yako, si kwa ajili yake. Na nikiumbuka, nitakukumbusha mpaka kaburini."

Crispin alishinda tena, kwa kura chache mno, nyingi zao za mitaa ya mlimani, mitaa ya Glenys. Majani hayajaanza kupukutika, kituo cha Kirkgate kikafungwa. Piano ilitolewa kwa mlango wa nyuma, ikapakiwa kwenye lori. Glenys alipiga simu ofisi ya mbunge. Binti mmoja mwenye sauti tamu akamwambia mheshimiwa analifuatilia. Akapiga tena, akaambiwa mheshimiwa bado analifuatilia. Kumbe linakimbia kiasi gani hilo jambo, hata halishikiki?

Ndipo Hilary, katibu wa chama, alipompigia kumwomba keki. Kutakuwa na chai ya kumpongeza Leonard Vosper, tajiri wa maghala aliyekichangia chama mamilioni ya pauni, ambaye sasa amepewa kiti katika Bunge la juu, awe lodi. Keki kubwa, tafadhali, na juu yake yaandikwe maneno: Lodi Vosper wa Skelbeck.

"Wa Skelbeck?" Glenys aliuliza. "Amekaa hapa lini?"

"Glenys, si unajua, lodi lazima abebe jina la mahali. Ana lile ghala lake kando ya barabara kuu. Crispin ndiye aliyependekeza. Ni heshima kwa mji!"

Freda aliposikia alifoka. "Heshima? Si ndiye yule aliyeandikwa gazetini kwamba kwa sheria ni mkazi wa kisiwa kisichotoza kodi? Mimi na wewe tunakatwa kodi mpaka kwenye penseni, ya kwake imekwenda kuota jua! Sasa kodi yetu haimtoshi, anataka na jina letu?"

Na Glenys? Aliioka ile keki. Usiniulize kwa nini. Mtu aliyezoea kutumika, mikono humtangulia. Lakini alipofika kwenye neno Skelbeck, alikosea herufi, ikabidi akwangue sukari na kuandika upya.

Kwenye chai walimweka palepale alipozoea kukaa, nyuma ya birika kubwa la umeme. Mtu aliye nyuma ya birika haonekani. Watu husema lolote mbele yake.

"Umenifanyia jambo kubwa, Crispin," Vosper alikuwa akisema, kikombe mkononi. "Nilikuwa nimeshakata tamaa na lile jina."

"Hata si kitu. Ulipokata simu tu, nikampigia waziri. Kabla ya chakula cha jioni lilikuwa limekwisha."

Glenys akasimama na kikombe cha watu mkononi, chai ikifurika kwenye kisahani. Kumbe anaweza. Hilo ndilo lililomchoma. Siku zote alijifariji kwamba kijana wa watu amejaribu akashindwa, kwamba mambo ya Landani ni magumu. Kumbe simu ipo, waziri yupo, na jambo linaweza kwisha kabla ya chakula cha jioni. Na Vosper hakuambiwa "niachie mimi" hata mara moja.

Vosper akamgeukia, mchangamfu kabisa. "Keki nzuri sana, mama. Na mji mzuri. Wazee wenu wa huku wanafanya nini mchana kutwa?"

"Walikuwa wakiimba," Glenys alisema.

Lodi akacheka, akadhani ni utani wa watu wa kaskazini, akaenda zake.

Crispin akaja kando ya birika, mkono begani kwa Glenys kama zamani. "Mama, mwezi wa tano tuna uchaguzi wa halmashauri. Bila wewe mitaa ya mlimani tumekwisha. Utatushikia kama kawaida?"

Glenys alimtazama usoni. Alikuwa na mengi ya kusema, ya mwaka mzima. Likatoka moja tu.

"Niachie mimi, Crispin."

Crispin akatabasamu. Halafu tabasamu likaanza kumpotea, kwa maana naye ni Mwingereza. Mkono ukashuka begani.

Glenys akachukua kisu, akaenda kwenye keki ambayo hakuna aliyekuwa ameikata, akakata kipande kirefu chote chenye neno Skelbeck. Akakifunga kwa leso ya karatasi, akatoka nacho. Nyuma yake mezani ikabaki "Lodi Vosper wa", na Hilary akiita, "Glenys! Glenys, picha bado!"

Freda alikuwa getini akifagia.

"Freda, nilikudanganya."

"Hukunidanganya wewe. Ulidanganywa."

"Mdomo uliokwambia ulikuwa wangu."

Freda alikuwa ameapa kumkumbusha mpaka kaburini. Sasa alitazama chini, akaendelea kufagia mahali palipokwisha kuwa safi, na Glenys angependelea matusi.

Ndani, Alwyn alikuwa kwenye kiti cha mlangoni, koti limefungwa vifungo, kofia kichwani, kama alivyokaa kila siku tangu kituo kifungwe.

"Basi?" aliuliza. Ndilo neno pekee lililombakia.

Kila siku Glenys alikuwa akimjibu, labda kesho. Leo alipiga magoti mbele yake, akamshika mkono uliokufa.

"Hakuna basi tena, Alwyn. Halitakuja. Waliniahidi, nikawaamini, wakanidanganya. Basi."

Akafungua leso, akampa keki. Alwyn akala herufi moja moja, taratibu, mpaka zikaisha. Glenys akanyoosha mikono kumfungua vifungo vya koti. Alwyn akaisukuma mikono yake kando, akageuka kuutazama mlango.