Mguu wa Wifi

Wifi yangu alivunjika nyonga kwa kuanguka kwenye kiti alichopanda kufuta vumbi juu ya kabati. Nalisema hili mapema ili lieleweke: nilimwambia asipande. Akaniambia nimeanza, akapanda.

Tunaishi ghorofani, milango yetu inatazamana, tangu kaka yangu, yaani mume wake, alipotutoka. Yeye ana cherehani, mimi nina mdomo; ndivyo anavyopenda kututambulisha kwa wageni. Wageni wakiondoka namwambia cherehani chenyewe kina kelele kuliko mdomo wangu, naye anasema cherehani angalau kikipiga kelele nguo inatokea.

Aliporudi kutoka hospitali na ile fremu ya chuma ya kutembelea, binti yake alipiga simu kutoka mji anakofanya kazi. Kwangu mimi ni mwanangu, maana mimi ni shangazi yake, kwa hiyo simu tuliiweka sauti ya juu tukasikiliza sote. "Mama," akasema, "mwisho wa mwezi ujao nakuja. Nikikuta huwezi kushuka hizo ngazi na kupanda mwenyewe, nakuchukua ukae kwangu. Kwangu hakuna ngazi."

Wifi akasema sawa, mwanangu. Mimi nikadakia kwamba ni jambo zuri sana, nitapumzika na kelele za cherehani. Nilisema hivyo kwa mdomo tu. Moyo ulikuwa umenishuka mpaka kwenye kandambili. Yule akiondoka, mimi nibaki nagombana na nani?

Kliniki ikatutumia watu wawili, kila mmoja na siku yake. Wa kwanza ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanaume wa makamo, mrefu, mpole. Tulimpa jina la Kunja-Kunjua, kwa sababu hilo ndilo neno lake la kuja na la kuondokea. Wa pili ni msichana wa ustawi wa jamii, tukamwita Dada Ustawi. Huyo hakushika mguu wa mtu. Alikaa, akaomba maji ya kunywa, akauliza maswali: mama, unalala vizuri, nani anakuja kukuona, nani anakutunza. Hilo la mwisho nililijibu mimi. Nikamwambia anayemtunza ni mimi hapa, mchana na usiku, na shukrani sizioni.

Kunja-Kunjua akija anasema mgonjwa mvivu. Dada Ustawi akija anasema mgonjwa ana jambo moyoni. Mimi niliona wote wanahangaika bure. Wifi ana kichwa kigumu, basi, na wangeniuliza ningewaambia bila kuwachosha.

Mazoezi hakuyataka kabisa. Kulala chali na kuinua mguu hewani, alisema, ni kazi ya mtu asiye na kazi. Ameshona maisha yake yote, na kila alichofanya kwa miguu yake kilitoa nguo upande wa pili. Kunja-Kunjua akakuna kichwa, akazungusha macho chumbani, yakatua kwenye cherehani. Ni cherehani cha miguu, cha zamani, chenye kanyagio pana la chuma. Akaona dawa ameipata.

"Basi mama, fanya hivi. Kila siku kaa hapo, kanyaga. Kifundo kitafanya kazi, goti litafanya kazi, na paja nalo litafuata."

Wifi akatabasamu. Namjua akitabasamu vile. Mlango ulipofungwa tu, akaniita. "Wifi, njoo ukanyage."

Nikamuuliza nikanyage mimi vipi wakati mguu uliovunjika ni wake. Akanijibu kwamba mguu unamuuma, yule bwana anachotaka ni kusikia cherehani kinakwenda, na cherehani kinakwenda kwa mguu wa yeyote. Haya. Nikakaa, nikakanyaga. Yeye akasogeza kiti pembeni, akashika kitambaa, akawa anakipitisha chini ya sindano. Tukashona mapazia, tukalisengenya jengo zima, chumba kwa chumba. Siku nyingine tulicheka mpaka mshono ukaenda upogo, ikabidi tufumue. Sitaki kusema uongo, zilikuwa siku nzuri.

Baadaye kliniki ikabadilisha utaratibu, wale wawili wakawa wanakuja pamoja. Nasikia ulikuwa ubishi wa Dada Ustawi. Aliwaambia wakubwa zake kwamba mguu una mwenyewe, na mwenyewe ana nyumba na watu wake, huwezi kutibu kimoja umefumba macho kwa vingine.

Wakipanda ngazi wanasikia cherehani kinakwenda, na Kunja-Kunjua anafika mlangoni uso unamng'aa. Tukisikia hodi, mimi naruka, wifi anahamia kwenye kiti changu, tunajitia hamnazo. Kisha anapima mguu wa wifi kwa utepe wake, na uso unazima.

"Sielewi," akawa anamwambia mwenzake. "Kwa kazi anayofanya huyu mama, huu mguu ungekuwa umeshapata nyama."

Nyama ilipatikana, ila ilikuja kwangu. Goti langu lililokuwa likilalamika ngazini lilinyamaza kabisa. Nilikuwa natoka sokoni napanda naimba.

Siku tuliyokamatwa, mlango tuliuacha wazi kwa ajili ya joto, na mimi nilikuwa katikati ya habari za jirani wa chini na mume wake wa pili. Nilipoinua macho wamesimama pale, sijui walifika saa ngapi. Kunja-Kunjua alinitazama mguu, akamtazama wifi mguu, akarudi kwangu.

"Kwa hiyo," akasema polepole, "mgonjwa wangu ni yupi?"

Dada Ustawi alicheka mpaka akakaa chini kwenye mkeka. Wifi hata aibu hakuona. Alimaliza mshono kwanza, akakata uzi kwa meno, ndipo akawakaribisha.

Kunja-Kunjua alikasirika, na alikuwa na haki. Akasema mwisho wa mwezi huo unakuja, mguu umelala, ngazi ziko palepale, na sisi tunacheza. Maneno yale yalinichoma. Nilidhani nilikuwa namhurumia wifi, kumbe nilikuwa namsaidia kufunga mizigo. Akataka wakati wa mazoezi mimi nikae chumbani kwangu.

"Hapana," akasema Dada Ustawi, anajifuta machozi ya kicheko. "Ukiwatenganisha hafanyi lolote. Sijawahi kumwona amechangamka hivi tangu nianze kuja. Ngoja kwanza." Akanigeukia mimi. "Shangazi, na wewe mbona unakanyaga tu? Kitambaa hushiki?"

Nikamwambia fundi ni yeye, mimi ni mguu wa kuazima.

"Hebu nipe lile kopo la vifungo pale juu ya rafu."

Nikanyoosha mkono wa kushoto. Akasema naomba kwa huu wa kulia. Nikamwambia mwanangu, wewe umekuja kwa mgonjwa, mimi ni jirani. Lakini walikuwa wananitazama wote, na ukaidi ungenitia aibu zaidi, kwa hiyo nikauinua. Ulifika usawa wa kifua, ukagoma.

Kunja-Kunjua akasahau hasira zake. Akaja, akashika kiwiko, akakizungusha taratibu mpaka nikauma midomo. "Bega hili lina muda gani hivi?"

"Hilo si bega. Huo ni uzee."

"Uzee umekuja kulia peke yake?" akauliza.

Wifi, ambaye nafasi kama ile haachi kuitumia, safari hii aliiacha ipite. Alikuwa ananiangalia gauni.

Wale wawili wakaenda kusimama dirishani wakanong'onezana, huyu anaonyesha bega, yule anaonyesha viti. Waliporudi walikuwa wameshaelewana: tubadilishane. Wifi akanyage mwenyewe, mimi nipitishe kitambaa, nikipeleke mbele kwa mikono yote miwili na kukivuta, kila siku mbele kidogo zaidi. Dada Ustawi akaongeza la kwake. Akatuletea rundo la foronya za kliniki zilizochanika, zinazosubiriwa na wagonjwa wa kweli. Wifi anaweza kuudanganya mguu wake, lakini kazi ya watu ikilala hapati usingizi.

Tuliteseka, msiseme. Mimi nilimwambia anakanyaga kama anaua mende. Yeye alisema mishono yangu imelewa, na akamwonea huruma mgonjwa atakayelalia foronya ile. Tukinuna tunanuna pamoja, maana cherehani ni kimoja. Jioni Kunja-Kunjua akipata nafasi anampeleka ngazini: kupanda, mguu mzima utangulie, kushuka, utangulie uliovunjika. Fremu ikawekwa kando, ikaja fimbo. Mkono wangu nao ukaanza kupita kifua, ukasalimiana na kidevu.

Kilichonishangaza ni bidii ya wifi. Mtu aliyekuwa anakimbia mazoezi kama mtoto anayekimbia kuoga, sasa asubuhi nikiamka namkuta ameshakaa kwenye cherehani ananisubiri. Nikadhani maneno ya Kunja-Kunjua yamemwingia.

Binti yetu alifika asubuhi na begi kubwa, tupu. Lile begi nililiona kabla sijamwona mwenyewe. Nikamkumbatia, nikamuuliza habari za safari.

Wale wawili wa kliniki nao walikuwepo. Dada Ustawi alimwambia mwenzake aweke mikono nyuma na asimguse mtu. Wifi akashika fimbo, akatoka. Mimi sikwenda kuangalia. Nilisimama chumbani nikisikiliza: fimbo, mguu, mguu. Fimbo, mguu, mguu. Kukawa kimya, roho ikanipaa, kisha nikamsikia huko chini anamuuliza jirani habari za mume wake. Alifanya makusudi, ili aonekane hana haraka. Akaanza kupanda. Alipotokeza mlangoni jasho linamtoka, Kunja-Kunjua nyuma yake alikuwa bado amefunga mikono, na macho yamemlowa.

Binti alimkumbatia mama yake, wakakaa. Akavua viatu, akasugua miguu, halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea.

"Sawa mama, umeshinda. Lakini si wewe uliyeniomba nije nikuchukue? Ulisema ngazi zimekuchosha, unataka kukaa na wajukuu. Hii habari ya mtihani wa ngazi si tuliipanga mimi na wewe, ili shangazi apokee polepole? Chumba nimeshapaka rangi."

Nikamtazama wifi. Hakunikwepa. Nikaanza kuyapanga moja moja: mazoezi aliyoyakataa, tabasamu lile, "wifi, njoo ukanyage". Mguu ule haukuwa mvivu. Ulikuwa na safari, na mimi ndiye niliyekuwa naukanyagia.

"Nilikuwa nataka kuja," wifi akamwambia binti yake. "Bado nataka, nisikufiche. Nilijiambia huyu namwacha salama, ana miguu, ana mdomo. Halafu siku ile nikauona mkono wake umekwama. Nguo zake nimezishona mimi, nyingi zina zipu mgongoni. Muda wote ule anavaa hili la vifungo vya mbele, analifua, analianika, analivaa tena. Fundi mzima naishi naye mlango kwa mlango, sikuona. Sasa nije nicheze na wajukuu, na huyu nani atamfunga zipu?"

Dada Ustawi alikuwa ameinamia mkoba wake anatafuta kitu ambacho hakikuwemo. Huyo siri ya wifi aliijua siku nyingi.

Mimi nina maneno, kila mtu anajua. Siku hiyo niliyatafuta sikuyaona. Nikakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, nikalia, mbele ya wataalamu na mbele ya mtoto niliyemfundisha kutembea. Binti yetu akashtuka, akamuuliza mama yake shangazi amepatwa na nini.

"Muache," wifi akasema, ananisogezea leso. "Alidhani ananitunza."