Kabati Lisilo na Mlango

Mume wangu ni fundi vioo, na kabati alilotengeneza kwa ajili ya vichezeo vyake halina mlango. Kioo mbele, kioo pembeni, na puti ya kugandishia vioo imepigwa kila ukingo utafikiri anafuga samaki. Nilipomuuliza litafunguliwaje, akaniuliza, "Lifunguliwe kwa nini?" Nimeolewa na mtu wa namna hiyo.

Kabati lenyewe liko kwenye chumba changu cha kushonea. Nasema changu kwa mazoea tu. Cherehani yangu siku hizi inakaa koridoni, kati ya mlango wa choo na ndoo ya kudekia, na mteja anapimwa kiuno huku watu wa nyumbani wakiomba njia. Nilikubali shingo upande. Alisema ni vitu vya utotoni kwake, na mimi nikaona haya kubishana na utoto wa mtu.

Amevitafuta miaka na miaka. Anaitwa kuweka kioo cha dirisha, anarudi na garimoshi la bati lililokatika mkia. Watu wakienda kwenye mnada wanagombea friji, yeye ameinama chini ya meza anapekua maboksi. Ndiyo akapata garimoshi, akapata kuku anayedonoa, akapata mwanasesere anayefumba macho ukimlaza, na mwisho kabisa akampata nyani wa bati mwenye ngoma, na ufunguo mgongoni. Huyo alimweka katikati, peke yake. Kabla hajaziba kioo nilimsogeza nyani karibu na kuku, angalau awe na jirani. Mume wangu akamrudisha. "Hakuwa hapo," akasema. Nikajua ni ukaidi wake ule ule, nikarudi koridoni kwangu.

Sasa, tuna mjukuu mmoja tu, mtoto wa binti yetu. Tunamwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukai. Alikuwa akija kila likizo, na akija nyumba inachangamka mpaka na mimi nasahau kununa. Namwita mke mwenzangu, na yeye huniuliza kama nimeshampikia mume wetu au nimesubiri aje apike yeye, ambaye hata jiko halifikii.

Likizo ile aliingia chumbani moja kwa moja, akabandika pua na viganja kwenye kioo.

"Babu, nyani anapigaje ngoma?"

"Hapigi. Anatazamwa."

Kisha mume wangu akatoa gazeti na chupa ya siki, akaanza kufuta alama za vidole, mtoto bado amesimama pale pale. Chiriku akasogea pembeni, akabandika pua. Babu akafuta. Akasogea tena. Babu akafuta tena. Hakuwa na hasira, alikuwa anafuta tu, kama anavyofuta dirisha la mteja. Mtoto akatoka, akaja kukaa chini ya cherehani yangu, kimya. Yule mtoto huongea hata akiwa na homa. Roho iliniuma sana.

Binti yetu alipokuja na kusikia, hakupaza sauti, na ningependa angepaza. "Mama," alisema, "mwanangu akitaka kutazama vitu kwenye kioo, maduka yamejaa. Hapa nilimleta kwa babu yake." Akachukua begi la mtoto, wakaondoka. Likizo iliyofuata hawakuja. Nikipiga simu naambiwa Chiriku ana masomo ya ziada. Mtoto hata kufunga kamba za viatu hajui, hayo ya ziada ni ya nini?

Nilimtaka mjukuu wangu. Nilimtaka pale chini ya cherehani, aniibie vifungo na kunisemesha nikikosea mshono. Nikamtolea uvivu bwana mkubwa.

"Fungua hilo kabati, mtoto arudi."

"Atarudi akikua."

"Akikua atakuja kufanya nini?"

"Kutazama," akasema, na akaendelea na chai yake.

Mambo yangebaki hivyo kama wifi yangu asingekuja kupimwa gauni. Ni dada mkubwa wa mume wangu, mwanamke asiyejua kunong'ona. Alishangaa kunikuta natesekea koridoni, nikamwambia chumba kimechukuliwa na utoto wa kaka yako mdogo, nenda ukauone. Akaenda na pini zangu zikiwa bado kiunoni. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe sikusikia sauti yake.

"Wifi," akaniita baadaye. "Mbona hili ni dirisha la duka la yule mzee wa kofia?"

"Duka gani tena? Si vya kwake vya utotoni?"

"Vya utotoni, ndiyo. Kwani nani alikwambia ni vyake? Sisi tulichezea vifuniko vya chupa. Hivi vilikuwa dukani, dirishani, njia ya kutoka shule. Huyu mume wako alikuwa akisimama pale na pua kwenye kioo mpaka mwenye duka anatoka na gazeti. Anafuta mbele ya uso wake. Mtoto akisogea, naye anasogea, anafuta. Hamfukuzi, hamsemeshi. Mimi ndiye niliyekuwa namvuta kwa ukosi wa shati twende nyumbani." Akainama kutazama vizuri. "Na nyani alikaa katikati, vile vile."

Nilikaa kwenye kiti changu. Hasira niliyokuwa nimeitunza kwa miezi ikanitoka yote, na sikufurahi, maana nilikuwa bado naihitaji.

Mume wangu aliporudi kutoka kazini nilimkuta bombani ananawa. Nikamwambia wifi amenieleza habari za mzee wa kofia. Akaendelea kuchokonoa puti kwenye kucha.

"Alikuwa anatumia siki," akasema.

"Na wewe unatumia siki."

Maji yakaendelea kumwagika. Mimi sipendi maji yakimwagika bure, lakini niliyaacha.

"Chiriku alikuwa anahama nikifuta?"

"Alikuwa anahama."

"Na mimi nilikuwa nahama," akasema. Akafunga bomba.

Chakula hakukigusa. Alichukua kisu chake cha puti, akaingia chumbani, nikamsikia anakwangua. Kioo cha mbele alikitoa kizima bila ufa, kwa sababu hata akiwa na majonzi ni fundi, akaja kukiegemeza koridoni, mbele kabisa ya cherehani yangu. Sikulalamika. Nilipiga simu kwa binti yetu.

"Baba yako ametoa kioo."

"Ametoa, au kimevunjika?"

"Ametoa kwa mkono wake."

"Tutakuja Jumamosi," akasema.

Jumamosi Chiriku aliingia chumbani mikono ikiwa nyuma. Akasimama pale pale kioo kilipokuwa kimeishia, kama vile bado kipo.

"Ninatazama tu, babu," akasema.

Binti yangu aligeukia ukutani. Mume wangu akakaa sakafuni, magoti yakilia, akamtoa nyani akamweka chini kati yao wawili.

"Ufunguo unazungushwa upande gani?" akamuuliza mtoto.

"Kwani si wako?"

"Wangu."

"Hujawahi kucheza naye?"

"Sijawahi."

Chiriku akamwonea huruma waziwazi, kama mtu mzima. Akaileta mikono mbele, akazungusha ufunguo. Nyani akapiga ngoma ovyo ovyo, akazunguka, akaanguka kifudifudi.

"Nilidhani anapiga kwa nguvu zaidi," mume wangu akasema. Akamsimamisha, akamtia ufunguo yeye mwenyewe. Alipoanguka akamsimamisha tena.

Mimi nilirudi kwenye pindo la gauni la wifi yangu. Haukupita muda Chiriku akaja, amevimba.

"Bibi, babu hanipi zamu."

"Umemwomba?"

"Nimemwomba. Anasema bado kidogo."

Nikamwambia avumilie, kwa sababu foleni ya huyo nyani babu yake aliipanga zamani, alipokuwa mdogo kama yeye.

"Na hawakumpa?"

"Hawakumpa."

Akafikiri, kidole mdomoni. Kisha akarudi chumbani, nikamsikia akisema, "Babu, chukua na zamu yangu."