Kamrun Kwenye Foleni ya Maskini

Hapa kwetu Berbice wanaume wa kujionyesha wapo tele, wajukuu zangu, ila Rahamat aliwazidi wote. Sikukuu moja ya kuchinja alileta dume la ng'ombe, akapiga nalo picha mbele ya msikiti, huku nyumbani mkewe Kamrun na watoto wanakula wali mkavu kwa mwezi wa pili sasa.

Basi tukaanza kugawa fungu la maskini. Mkataji nyama nilikuwa mimi, wakati huo mgongo haujaniuma. Nainua macho, namwona Kamrun kwenye foleni, sufuria mkononi.

Rahamat akaruka. "We mwanamke, unaniaibisha! Rudi nyumbani!"

"Nyumbani kuna nini? " Kamrun akanisogezea sufuria. "Kaka, nitilie nyama. Mimi ni maskini wa hapa hapa."

Imamu akamgeukia Rahamat. "Humlishi mkeo?"

"Ana cherehani, maulana. Anapata zake."

"Zake ni zake, hata awe na viwanda kumi! Chakula, nguo na nyumba ni juu yako. Umeiruka faradhi, ukakimbilia ng'ombe wa kupigia picha?"

Wanawake wakacheka. "Tazameni, bwana ng'ombe huyo!"

Imamu akamwambia anunue chakula cha mwezi sasa hivi, la sivyo Kamrun aende mahakamani na shahidi wake awe yeye imamu.

Rahamat, mtu mzima, akaenda dukani. Akarudi na gunia la mchele kichwani, kanzu ya sikukuu imelowa jasho. Kamrun akalikagua gunia, hana haraka.

"Mafuta na dengu viko wapi?"

Rahamat akarudi dukani.