Shahidi Aliyeletwa na Polisi

“Mwanamume uliyemkataa asikurithi, leo akifungwa wewe unapoteza nini?”

Ndivyo Jacinta, jirani yake pale Nyamasaria, alivyomuuliza Seline Jumatano ile alipomwona anafunga kitambaa cha kanisa kichwani, na siku yenyewe si ya ibada. Seline alikaza fundo, akatoka. Alikuwa ameitwa kituo cha polisi, na moyo wake ulikuwa umeshatangulia.

Owiti, fundi wa injini za maboti, alikuwa mdogo wa marehemu mumewe. Baada ya matanga wazee walimleta amrithi mke wa kaka yake, kama ilivyo desturi. Seline akasema Kristo amemtosha. Mtaa ukangoja ugomvi. Owiti akawaambia wazee, “Mama amesema. Mwacheni,” akaondoka. Toka siku hiyo, bati la Seline likivuja, huja mchana kweupe kuliziba, akanywa chai nje, akaenda zake. Hayo mtaa haukuyaona. Uliona kukataliwa tu.

Sajini Wakhisi naye aliona hivyo hivyo. Injini ilikuwa imeibwa ufuoni, na Owiti ndiye aliyeitengeneza mwisho, basi akamkamata Jumanne saa nne asubuhi. Saa nne ya Jumatano ikifika, lazima awe amemfikisha kortini au amwachilie, na mkononi hakuwa na kitu ila karatasi ya maungamo aliyoiandika mwenyewe kwa jina la Owiti. Karatasi hiyo ilihitaji shahidi wa upande wa Owiti. Sajini akawaza: nani bora kuliko mjane mcha Mungu aliye na kinyongo naye?

“Karibu, Mama Achola,” alisema, akimvutia Seline kiti. “Shemeji yako ameamua kutubu. Toba unaijua wewe kuliko sisi. Tia sahihi hapa, uwahi soko lako Kibuye.”

Owiti alikuwa ameketi ukutani bila mkanda wala viatu, kichwa chini.

Seline alivaa miwani. Akaanza kusoma kwa kidole, neno kwa neno, kama anavyosoma Zaburi. Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na nusu.

“Mama, si lazima usome yote.”

“Kitu nisichokisoma sikitii jina, baba.”

Sajini hakujua jambo moja. Miaka minne sasa, kila Alhamisi, Seline na akina mama wa kanisa hupeleka chai kwa mahabusu wa kituo kingine, kule upande wa Kondele. Huenda pamoja na Habiba, binti wa msaada wa sheria, ambaye huwaeleza mahabusu haki zao. Seline akimimina chai, masikio yake hukinga kila neno.

Alivua miwani. “Owiti, ni wewe uliyenichagua niwe shahidi wako?”

“Hapana, Mama Achola. Nilikuona tu ukiingia.”

“Ulipewa simu umwite mtu wako? Au wakili?”

“Sikupewa.”

“Uliambiwa unaweza kunyamaza?”

“Niliambiwa anayenyamaza amekubali.”

“Aa!” Seline akamgeukia sajini. “Bwana Yesu alinyamaza mbele ya Pilato. Kwa hivyo alikuwa na hatia?”

Konstebo aliyekuwa mlangoni alicheka puani, akajifanya anakohoa.

“Mama, wewe umesoma mpaka wapi?” sajini alifoka.

“Darasa la saba. Lakini nililimaliza. Na wewe cheo chako ni sajini, si ndiyo? Maungamo huandikwa na hakimu, au inspekta mkuu kwenda juu. Mwite mkubwa wako.”

Hapakuwa na haja ya kumwita. Inspekta Mkuu Naswa, mkuu wa kituo, alikuwa amesikia sauti, akaingia. Aliisoma karatasi akiwa amesimama. Akamsikiliza Seline mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akamtazama Owiti.

“Sasa nakuambia mimi. Una haki ya kunyamaza. Ukitaka wakili, simu ndiyo hii. Ukitaka kuandikisha jambo, nitaandika mimi, na utamchagua mwenyewe mtu wa kukaa nawe. Umenielewa?”

Owiti aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. “Nimeelewa, madam. Namchagua huyu mama.”

Seline alisogeza kiti karibu na Owiti. Je, kama ameiba kweli? Je, kama atakiri hapa mbele yake, naye awe shahidi wa kumfunga mtoto wa mama mkwe wake? Akashika rozari mfukoni. Liwe liwalo, kweli ni kweli.

“Haya, sema,” Naswa alisema, kalamu mkononi.

“Nimemaliza, madam. Nimemchagua mtu wangu, na sina la kuungama.”

Seline aliiachia rozari. “Mungu ni mwema,” akasema kwa sauti, na konstebo mlangoni akajikuta anaitikia, “Kila wakati!”

Naswa hakucheka, lakini tabasamu lilimponyoka kidogo. “Sajini, zaidi ya karatasi hii una nini? Shahidi? Hiyo injini?”

“Bado, madam. Uchunguzi unaendelea.”

“Uendelee bila yeye. Fungua kitabu cha matukio, andika ameachiliwa, na saa. Umrudishie viatu vyake.”

Sajini Wakhisi aliandika. Akamwekea Owiti viatu na mkanda juu ya meza, akachukua kofia yake, akampita Seline, akatoka.