Jicho la Pili

Kanyiva alikuwa akichambua mbaazi kwa vidole. Jicho lake la kulia lilitokwa na machozi mfululizo, na kila alipolipepesa alikunja uso kama aliyeingiwa na mchanga. Mumewe, Nthiwa, alikaa kando akijifanya anasokota kamba ya mbuzi. Tangu mkewe afanyiwe upasuaji wa mtoto wa jicho, mzee huyu alikuwa bingwa wa kazi zisizo na haraka.

Yeye ndiye aliyechagua njia ya upasuaji. Daktari wa kwanza aliwaeleza waziwazi kwamba mtoto wa jicho alikuwa ameachwa mpaka akawa mgumu, na ingefaa atolewe mzimamzima kwa mkono. Nthiwa hakutaka kusikia habari za mkono. Kimeu, shemasi wa kanisa lao pale Migwani, alitibiwa kwa mashine, na Jumapili iliyofuata akasoma Biblia bila miwani. Mke wa Nthiwa achokolewe kwa vyuma kama watu wa zamani? Aling'ang'ania mashine hadi daktari akachoka naye, akakubali.

Asubuhi hiyo mbaazi ziliachwa ungoni, wakaenda kumwona daktari mwingine. Daktari Hamdi alikuwa mwanamke wa sauti ya upole, lakini hakuwa na mazoea ya kumficha mgonjwa neno.

"Mashine humvunja mtoto wa jicho kwa mtikisiko," alisema. "Akiwa laini, hakuna taabu. Akiwa mgumu, mtikisiko unakuwa mwingi, na konea, hiki kioo cha mbele, ndiyo inayoumia. Nyuma yake kuna chembechembe zinazoondoa maji. Zikifa hazioti tena. Kioo kinalowa, kinavimba, kinakuwa cheupe."

"Si kuna dawa ya matone?" Nthiwa aliuliza.

"Ya kupunguza maumivu, mzee. Ili aone kwa jicho hilo, itabidi apate konea ya mtu aliyefariki, na wanaoingoja ni wengi." Akamgeukia Kanyiva. "Jicho la kushoto bado lina nafasi, mama. Nitalifanya kwa mkono. Lakini tukichelewa, nalo litakuwa gumu kulitibu. Na siwezi kukuahidi kila kitu."

Kwa jicho hilo la kushoto Kanyiva alikuwa bado anatofautisha mchana na usiku, mlango na ukuta. Nthiwa alitaka kumwambia akubali, akajizuia. Maneno hayo ni yaleyale aliyomwambia mara ya kwanza. Aliona aibu, aibu ya mtu mzima, isiyo na pa kujificha.

"Mama Mulei," alisema mwishowe, "sikia daktari."

"Nimesikia, Baba Mulei. Wewe toka nje kidogo, niongee na yeye."

Maisha yao yote ya ndoa hakuwahi kuambiwa atoke. Alitoka. Akakaa kwenye benchi la ukumbini, akajaribu kuomba Mungu amtie mkewe moyo, akajiona hana uso wa kuomba hilo. Aliogopa kwamba atakataa. Aliogopa pia kwamba atakubali, kisha mambo yaharibike tena.

Mlango ulipofunguka, Kanyiva alitoka akipapasa ukuta. Nthiwa akaruka kumshika kiwiko.

"Nimekubali," alisema. "Wiki ijayo. Kwa mkono."

Nthiwa alishusha pumzi. Hapo hapo akaanza kupanga: jirani yao Kaloki ataangalia mbuzi, yeye atakuja naye, atalala hapa hapa kama itabidi.

"Wewe utabaki na mbuzi," Kanyiva alimkatiza. "Nitakuja na Kalekye. Ndiye nataka awe hapo wakinifungua bandeji."

"Dada yako? Na mimi bwanako?"

Kanyiva alisimama. Aligeuza uso kuelekea mahali sauti ilipotokea, akakosea kidogo.

"Ile siku walitoa bandeji, uliniuliza kama nakuona, nikasema ndiyo. Ukafurahi mpaka ukaimba. Daktari naye akaenda zake. Nilikuwa sioni kitu, Baba Mulei. Safari hii, kama sioni, nataka niseme sioni."