Wanyumba Wawili na Gari la Bibi Harusi

Kuntai hakuwa na kijicho na gari la mtu, wala ng'ombe wa mtu, wala cheo cha mtu. Kijicho chake chote alikiweka kwa Mustafa wa Handeni, na Mustafa alikuwa mwanyumba wake. Walikuwa wameoa dada wawili, mabinti wa Bi Mwanaisha wa Kang'ata: Kuntai alimwoa Maryamu, mkubwa, na Mustafa akaja miaka mingi baadaye kumwoa Swaumu. Kwa haki yoyote unayoijua, mkwe wa mbele ni Kuntai. Lakini nenda Kang'ata siku yoyote usikilize ni jina la nani linalotajwa, utaelewa kwa nini mtu mzima alikuwa akitafuna kucha.

Kilichomchoma zaidi ni kwamba hata kazi ya kung'arisha magari Mustafa aliipata kwake. Kuntai ni fundi mitambo katika kituo cha umeme cha Hale, na siku zake za mapumziko husafisha magari ya wafanyakazi wenzake. Anaosha, anatoa mikwaruzo, anapaka nta, gari linaondoka unaweza kujitazama humo ukanyoa ndevu. Mustafa, mwalimu wa shule ya msingi, alikuja kuwatembelea likizo moja, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akiuliza maswali. Kuntai akamfundisha kila kitu, kwa kuwa siku zile alikuwa bado anampenda. Mwalimu akarudi Handeni, akaanza naye, mwisho wa juma kwa mwisho wa juma. Hapo Kuntai alivumilia. Uvumilivu ulimwisha wakati wa Maulidi, Mustafa aliponunua mashine ya polishi.

"Mama amesema gari la bibi harusi atalipiga polishi Mustafa," Maryamu alimwambia mumewe jioni moja huku akipeta mchele.

Bibi harusi alikuwa Munira, kitindamimba wao. Gari lilikuwa lile dogo la rangi ya buluu iliyokoza, aliloliacha marehemu Mzee Mdoe, ambalo mjane wake, Bi Mwanaisha, hulitoa bandani kwa shughuli kubwa tu.

"Amesema nani?"

"Mama. Anasema Mustafa ana mashine."

"Na mimi sina mikono?"

"Baba Shamimu, mimi nimetumwa tu."

Kumwendea mkwe mwenyewe na kumuuliza, Kuntai asingeweza. Yeye ni mtoto wa wafugaji wa nyika za Handeni, na kwao mama mkwe hatazamwi usoni. Tangu aoe, Bi Mwanaisha akitokea mbele, Kuntai anageuka upande, anasubiri apite. Hakuwahi kula mahali anapoweza kuonwa naye, na salamu zake zote zilipita kwa Maryamu. Maryamu aliwahi kumwambia kwamba kwao Wazigua mambo hayo si makali hivyo, alegeze kidogo. Kuntai akajibu kwamba heshima si mkanda wa suruali. Mustafa, kwa upande wake, alikuwa anaingia mpaka jikoni kwa mkwe, anafunua sufuria, anauliza kumepikwa nini. Kwa Kuntai huo ulikuwa utovu wa adabu mtupu, na roho ilimuuma kuona utovu wa adabu unapakuliwa minofu.

"Mrudishie jibu," alisema. "Mwambie na mimi naleta mashine. Mwenzangu apige upande mmoja, mimi mmoja. Watu watazame wenyewe."

Duka alilolijua kwa vifaa hivyo lilikuwa la Deogratius, pale Manundu, Korogwe. Deogratius alimwekea mashine mbili juu ya kaunta, akaanza somo lake. Ya kwanza ilikuwa inazunguka huku inatetemeka. Inakwenda polepole, alisema, lakini hata ukikosea haikuadhibu, na kwa gari la zamani lenye rangi iliyochoka ndiyo hiyo hiyo. Ya pili ilikuwa inazunguka tu, moja kwa moja, kwa nguvu.

"Hii ni mnyama, braza. Inakata mikwaruzo kama haikuwapo. Ila ukiituliza mahali pamoja, inapata moto, inakula rangi mpaka bati. Hii inataka mkono uliozoea."

Swali la maana lilikuwa moja tu, gari lenyewe lina rangi ya namna gani. Kuntai, fundi wa mitambo mikubwa, mtu anayejua joto la chuma kwa kunusa, hakuliuliza.

"Mwalimu mmoja wa Handeni alinunua hapa. Alichukua ipi?"

"Mwalimu Mustafa? Alichukua hii ya kutetemeka. Yule bwana alinimaliza kwa maswali. Alikuja na mlango wa gari bovu, akajaribia nje hapo."

"Nipe hiyo nyingine."

Na vifaa vingine akavichagua kwa mtindo huo huo. Mustafa alichukua sponji laini? Basi yeye pedi ya manyoya. Mustafa alichukua dawa nyepesi ya kung'arishia? Yeye ile kali, yenye chenga. Deogratius akamtolea tepu ya karatasi ya kubandika kwenye kingo za mabati, mahali ambapo rangi huwa nyembamba kuliko kote.

"Mwalimu alichukua mbili," alisema muuzaji, akidhani anasaidia.

"Mimi sihitaji," alisema Kuntai.

Siku ya kazi walikutana uani Kang'ata, gari katikati, waya wa umeme umevutwa kutoka dirishani. Mustafa alimpokea kwa mikono miwili.

"Karibu, mwanyumba. Leo mwalimu wangu atanifundisha tena."

Kuntai akacheka kwa meno tu. Maneno matamu kama hayo ndiyo yaliyokuwa yakimtesa. Mtu akikuchukia waziwazi unapumua, lakini huyu alikuwa anakunyang'anya nafasi yako huku amekushika mkono. Akamtazama akibandika tepu zake kwenye kingo, taratibu, kama mtu anayefunika vitabu vya wanafunzi kwa makaratasi, akaona mbwembwe tupu.

Mashine ya Kuntai ilipoanza kunguruma, kuku waliondoka uani. Na haki isemwe, ilifanya kazi. Mlango wa nyuma ukatoka mweusi wa buluu, mikwaruzo ya miaka yote imefutika, wakati Mustafa upande wa pili alikuwa bado anahangaika na kipande kisichozidi sinia. Majirani wawili watatu waliokuwa uani wakahamia upande wa Kuntai. Hapo moyo wake ulijaa. Alitamani jambo moja tu, kwamba Bi Mwanaisha atoke aone, na jioni jina linalotajwa liwe lake.

Bi Mwanaisha akatoka. Kuntai wakati huo alikuwa kwenye boneti, pale bati linapopinda kuelekea taa, ukingoni kabisa. Aliona pindo la kanga likija upande wake, na mwili wake ukafanya ulichozoea kufanya miaka yote bila kumuuliza. Uso ukageuka, macho yakaenda kwenye ua wa minyaa. Ila mikono ilibaki kwenye mashine, na mashine ikabaki inazunguka pale pale.

Harufu ndiyo iliyomrudisha. Alipoizima, pale kwenye ukingo palikuwa na kidonda cha upana wa kiganja, buluu imekwisha, rangi ya kijivu ya chini yake imeliwa, bati linameta katikati. Mustafa akazunguka gari, akatazama, kisha akasema haraka, kabla ya mtu mwingine yeyote:

"Ni mimi, Mama. Nimeukanyaga waya, nikamvuta mkono."

Hata hilo. Hata lawama alitaka kuiwahi yeye, apate kupendwa na kwa hilo pia. Kuntai akasema kwa sauti kuelekea minyaa:

"Muongo huyo. Nimeunguza mimi."

Lilikuwa neno lake la kwanza kumwambia mkwewe bila mtu kati. Maryamu, aliyekuwa mlangoni, akashika mdomo.

"Umeunguzaje, Baba Shamimu?" aliuliza Bi Mwanaisha.

"Ulitokea. Nikageuka."

Sauti ya Bi Mwanaisha haikuwa ya hasira.

"Gari si kitu. Maua ya harusi yatakaa hapo, hakuna atakayeona. Mimi nakuuliza wewe. Miaka yote hii nikitokea unanipa kisogo. Nilikukosea nini, mwanangu?"

"Hukunikosea."

"Maryamu aliniambia ni mila, nikajua anakufichia. Nikasema huyu hanitaki, alimtaka binti yangu tu. Ndiyo maana nikashikamana na huyu anayeniangalia."

Kuntai aliiweka chini ile mashine. Mashine! Alikuwa ameichukia ya Mustafa, akanunua yake, akaunguza gari la marehemu, na kumbe mashine haikuwa na neno lolote katika habari hii.

"Kwetu mama mkwe hatazamwi," aliiambia minyaa. "Mtu unayempuuza unamtazama unavyotaka. Wewe sijawahi kukutazama hata siku moja. Sina heshima nyingine kubwa kuliko hiyo ya kukupa. Ningekuwa nayo ningekupa."

Nyuma yake alisikia kanga ikivutwa, halafu ndara zikijigeuza mchangani, halafu Maryamu akisema polepole, "Mama."

"Basi na mimi nimegeuka," ilisema sauti ya Bi Mwanaisha. "Kama ndivyo wakubwa wa kwenu wanavyoheshimiana, sitakuacha uheshimu peke yako. Tangu leo, Baba Shamimu, ukitokea nitageuka."

Kuntai akathubutu. Akageuza shingo kidogo, akamwona mkwewe kwa mara ya kwanza, mgongo tu: mwanamke mfupi kuliko alivyomdhania, amejitanda kanga kichwa kizima, ameuelekeza uso wake ukutani mbele ya majirani wote bila kuona haya. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa taulo la kung'arishia.

Kazi iliendelea, maana harusi haikuwa na habari nao. Mustafa alibandua tepu zake, akahamia upande wa Kuntai, akaanza kuzibandika kwenye kingo zilizobaki. Alipofika ukingo wa mwisho akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye tepu:

"Mimi huwa ananiambia nichote maji. Nikikaa vibaya ananipiga kofi la mgongo. Hajawahi kugeuka kwa ajili yangu, mwanyumba. Hata mara moja."

Alijaribu kucheka, lakini kicheko kilitoka kwenye meno tu. Kuntai aliijua sauti ile. Ilikuwa yake mwenyewe, tangu Maulidi.