Kuondoka Mbele ya Ong-ia

Begi lilikuwa chini ya meza ya supu ya Shangazi Siok-ling, nje ya lango la hekalu, kati ya ndoo ya magamba ya samaki na gunia la tangawizi. Quyên alilisukuma pale mchana, akasema limejaa nyaya. Halikuwa na waya hata mmoja. Lilikuwa na nguo, pasipoti na tiketi ya kwenda Osaka, ambako chuo kingine kilikuwa kimempa darasa. Treni ya kumfikisha uwanja wa ndege ingeondoka Tainan jioni hiyo hiyo, na wanafunzi wake hawakujua.

Miguu ya Quyên ilikuwa na pilipili. Alizaliwa Hue, akaanza sanaa Saigon, akafundisha Busan, akafundisha Fukuoka, na kote alipokelewa kwa ajili ya onyesho moja aliloliita Kuondoka. Anafagia sakafu taratibu, projekta ikitupa ukutani picha ya mgongo wake iliyorekodiwa, kubwa kama nyumba. Kisha analaza fagio, anatoka mlangoni, harudi. Picha inabaki ikifagia. Busan walilia. Fukuoka walimpa tuzo. Hakuna aliyeng'amua kwamba na miji yenyewe aliihama vivyo hivyo, kabla wanafunzi hawajamaliza, kabla mtu hajamuuliza, "Halafu?"

Safari hii angeyaunganisha mawili. Onyesho la diploma la darasa lake lilikuwa kwenye ua wa hekalu la Ong-ia, mungu wa mtaa, siku ya sikukuu yake. Angefungua yeye kwa kufagia, angetoka langoni, angechukua begi, basi. Wangedhani ni sanaa mpaka kesho.

"Mwalimu, unatetemeka," alisema Pei-shan, kiranja wa darasa, msichana mwenye nywele fupi na mdomo mrefu. Alikuwa ameipakata projekta kama mtoto mchanga.

"Baridi."

"Baridi gani mwezi wa sita? Sema unamwogopa Ong-ia."

"Nimecheza mbele ya mameya, niogope sanamu?"

"Shh! Anasikia, na ana kisirani."

Viti vya mbele viliachwa wazi kwa ajili ya miungu wageni. Nyuma ya viti hivyo walikaa ajuza na pepeo zao.

"Huyu Mvietnamu kaolewa na nani hapa mtaani?" mmoja aliuliza kwa sauti.

"Hajaolewa, ni mwalimu wa chuo," alijibu kutoka langoni Shangazi Siok-ling, muuza supu ya samaki ambaye mwaka huu mungu mwenyewe alimteua kuwa mlezi wa chetezo chake. "Mume wake fagio."

Vicheko. Jua likazama, kitambaa cheupe kilichotundikwa uani kikawaka kwa picha ya mgongo wake, Quyên akafagia.

"Akimaliza apite na kwangu!" ajuza wakapiga kelele.

Akalaza fagio, akatoka langoni bila kugeuka. Aliinama chini ya meza. Mkono wenye harufu ya samaki ukatua juu ya begi.

"Unakwenda wapi?"

"Ni sehemu ya onyesho, Shangazi."

"Na pasipoti nayo ni sehemu ya onyesho? Zipu ilifumuka nilipolisogeza." Shangazi alitoa mfukoni mwa aproni vipande viwili vya mti vilivyochongwa kama mwezi mchanga, bapa upande mmoja na mbinuko upande wa pili. "Onyesho la Ong-ia halifungwi bila ruhusa. Aliyefungua ndiye anayefunga. Muulize."

Quyên alivirusha ili yaishe. Kimoja kikionyesha ubapa na kingine mbinuko, mungu amekubali. Vyote viwili vilionyesha ubapa.

"Anakucheka," alisema Shangazi.

Akarusha tena. Ubapa tena.

"Basi acheke peke yake," Quyên akasema, akalivuta begi, akaenda.

Alipofika kwenye duka la chai alisikia nyayo nyuma yake. Akageuka. Darasa zima lilikuwa barabarani, mstari mmoja, mafagio mabegani, nyuso nzito kama za wafiwa.

"Nyinyi mnakwenda wapi?"

"Tunaondoka," alisema Pei-shan. "Tulipanga kwa siri. Wewe kwenye onyesho siku zote unaondoka peke yako, tukasema leo tukusindikize."

"Na onyesho mmemwachia nani?"

Walitazamana. "Picha yako, Mwalimu. Inafagia."

"Ikiisha?"

"Huko hukutufundisha."

Kutoka langoni sauti ya Shangazi ikapasua mtaa: "Mwalimu wee! Ulivyowalea ndivyo walivyo! Umemwachia mungu wangu kitambaa kitupu!"

Pei-shan aliliangalia begi. "Hilo si ndilo la nyaya?"

Quyên alilisogeza begi nyuma yake. Kengele ya kivuko cha reli ikaanza kulia. Angeweza kukimbia. Lakini hawa nao wangekimbia, na mafagio yao, mpaka stesheni, mpaka mlangoni mwa behewa, wakiwa na hakika kwamba bado ni sanaa.

"Rudini," alisema.

"Na wewe?"

"Tangulieni."

"Hatutangulii," alisema Pei-shan, na hakuwa anatania tena.

Akatangulia yeye, begi mgongoni. Uani picha ilikuwa imekwisha na kitambaa kilikuwa cheupe. Ong-ia, uso mweusi nyuma ya moshi, alikodoa macho. Quyên aliokota fagio lake akasimama. Miaka yote ile hakuwahi kuwapo baada ya picha kuisha.

"Sasa tunafanya nini?" Quyên alimnong'oneza Pei-shan.

"Mwalimu si wewe?"

"Ndiyo maana nauliza."

Pei-shan alifikiri, akaigeuza projekta ikamulika chini. "Tufagie kweli."

Wakafagia kweli. Vumbi lilipanda, likacheza ndani ya mwanga, likawaingia ajuza puani.

"Nyunyizeni maji kwanza, wajinga nyie!" mmoja alifoka, na alipoona hakuna anayejua kunyunyiza, akaja na ndoo yake mwenyewe. Mwingine akamnyang'anya mwanafunzi fagio, akimwonyesha anavyoinama vibaya.

Treni yake ilipita, na Quyên aliisikia kwenye magoti. Macho yake yalikwenda langoni, yakarudi, yakaenda tena. Alipoona ua umetakata alimwendea Shangazi, akachukua vile vipande, na safari hii akapiga magoti kabla ya kurusha.

Ubapa, vyote viwili.

"Bado," alisema Shangazi Siok-ling, akimvua begi.

Quyên alisonya, akaenda kufagia chini ya viti vya miungu.